Suruali ya kuvaa juu ya suruali: kile ambacho sikuuliza kabla ya kupanda Nyiragongo

Kila mwaka, mwezi wa 9 ukikaribia na mvua ikianza kurudi, wadogo zetu wa jiolojia, mazingira na agronomia wanaanza maswali ya tereni. Nivae viatu gani? Nibebe chakula cha siku ngapi? Simu nitaichajia wapi? Maswali mazuri kabisa. Lakini hakuna anayeuliza kuhusu suruali. Na mimi sikuuliza, ndiyo maana naandika leo.

Ilikuwa mwezi wa 11 wa 2019. Kumbukeni kwamba Bustani ya Virunga ilikuwa imefungia wageni tangu mwezi wa 5 wa 2018, ikafungua mwezi wa 2 wa 2019, halafu Covid ikaja kufunga tena mwezi wa 3 wa 2020. Sisi tulibahatika kupita katika ule mwanya. Tulikuwa wanane, wengi wetu tunatoka kumaliza lisansi, tukaanza kupanda kutoka Kibati asubuhi. Kibati iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta uko 3,470. Yaani unapanda karibu mita 1,500 kwa siku moja, kwa miguu, nusu yake juu ya mawe ya lava yanayogeuka chini ya kiatu.

Nilivaa jinzi. Jinzi nzuri ya chagua, niliyoinunua Birere wiki hiyo hiyo. Juu nilikuwa na koti la mvua la maana nililoazima kwa binamu yangu, na kwa sababu ya koti hilo nilijiona mtu aliyejiandaa. Mvua ilitukuta baada ya pumziko la pili. Ikanyesha saa mbili na nusu bila kupumua. Tulipofika juu, kiwiliwili changu kilikuwa kikavu, lakini kuanzia kiunoni hadi kwenye soksi nilikuwa kama kitambaa cha kupangusia nyumba. Maji yote yaliyoteleza kwenye lile koti zuri yalikuwa yameishia mapajani.

Mimi niliteseka tu. Aliyetutia hofu ni mwenzetu mmoja, kijana mwenye nguvu kuliko sisi wote, ndiye aliyekuwa anatuchekesha njia nzima. Alikaa mlangoni mwa kibanda na jinzi yake mbichi akiangalia moshi wa kreta. Alitetemeka sana. Baadaye akaacha kutetemeka, sisi tukafikiri amepata nafuu. Tukamuuliza kama anataka chai, akajibu kitu kuhusu mtihani wa takwimu. Kiongozi wetu wa mlima alimsikia akageuka: "Mumutoshe ile pantalo! Mbio!" Tukamvua, tukamkausha, tukamwingiza kwenye mfuko wa kulalia na mwenzake mmoja pembeni, tukampa chai yenye sukari nyingi kidogo kidogo. Ilichukua muda mrefu kabla hajaanza kutetemeka tena, na kiongozi akasema sasa ndiyo dalili nzuri.

Wasomi wa udaktari walio humu wanaijua hali hiyo: joto la ndani ya mwili limeshuka chini ya digrii 35. Mtu anatetemeka, anajikwaa, anaanza kusema maneno yasiyopangika, na mwisho mwili unachoka hata kutetemeka. Hapo ndipo pa hatari. Na halihitaji theluji ya Ulaya. Linahitaji maji, upepo na mtu aliyechoka.

Tufanye hesabu ndogo ya form six, samahani, ya sita sekondari. Hewa hupoa kwa karibu digrii 6 na nusu kila unapopanda mita 1,000. Goma iko karibu mita 1,500, na wastani wa joto letu ni kama digrii 19 au 20. Ukingo wa Nyiragongo uko mita 2,000 hivi juu yetu. Toa digrii 13. Unabaki na 6 au 7, na huo ni wastani wa mchana na usiku pamoja, kabla hujahesabu upepo. Sasa ongeza nguo mbichi: maji hupitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa. Ile hewa iliyotulia ndani ya kitambaa, ambayo ndiyo blanketi yako halisi, imefukuzwa na maji. Umebaki unavaa kitu kinachokunyonya joto.

Halafu kuna miguu yenyewe. Madaktari wakitaka kukadiria ukubwa wa jeraha la moto hutumia kanuni ya tisa: kila mguu mzima ni asilimia 18 ya ngozi ya mtu mkubwa. Miguu miwili ni 36. Kwa hiyo mtu mwenye koti la mvua bila suruali ya mvua ameacha zaidi ya theluthi moja ya mwili wake nje. Tunanunua koti kwa sababu tunaona kifua na mgongo ndiyo mwili. Miguu tunaihesabu kama vyombo vya usafiri.

Kama unadhani natia chumvi, inua macho siku ambayo mawingu yameondoka uangalie Karisimbi, mita 4,507, ule mlima mrefu kuliko yote ya Virunga. Mwaka 1908, wakati wa msafara wa Mtawala Adolf Friedrich wa Mecklenburg, mjiolojia Mjerumani aliyeitwa Kirschstein alikuwa akifanya kazi huko juu na wabebaji mizigo. Dhoruba ya mvua ya mawe na theluji iliwakuta mahali pa wazi. Wabebaji wapatao 20 walikufa kwa baridi, wakiwa na nguo za kitambaa tu mwilini. Jina la mjiolojia liko vitabuni. Ya wale 20 sijayaona popote. Kila nikisikia mtu anasema "sisi ni watoto wa hapa, baridi ya hapa tumeizoea", nawafikiria wao. Walikuwa watu wa ukanda huu huu.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe.

Suruali ninayozungumzia ni nyepesi, pana, isiyopitisha maji, ya kuvaa juu ya suruali uliyo nayo. Haivaliwi siku nzima. Inakaa ndani ya sakado, imekunjwa kama ngumi, ikisubiri. Nyingi nzuri za watembeaji zina uzito wa gramu 150 hadi 300, yaani chini ya chupa ndogo ya maji. Kitambaa ni nailoni au poliesta, kiunoni kuna lastiki na kamba, na chini kwenye kifundo kuna zipu ili uipitishe juu ya kiatu. Hiyo zipu iangalie vizuri. Kuna zenye zipu fupi ya kifundoni, kuna zenye zipu hadi gotini, na kuna zinazofunguka mguu mzima hadi kiunoni. Ile ya mguu mzima ni nzito zaidi, lakini unaivaa bila kuvua viatu, na ukiona joto unafungua pajani hewa ipite. Ile ya zipu fupi ni nyepesi, ila mvua ikikukuta kwenye mteremko wa lava utasimama mguu mmoja kama korongo ukihangaika kuvua buti lenye matope. Mimi nachagua zipu ya hadi gotini. Ni mapatano.

Kwa nini maji hayapiti? Historia yake ni fupi na ina harufu ya mpira. Mwaka 1823 Mskoti Charles Macintosh alipata hati ya kuyeyusha mpira na kuuweka katikati ya vitambaa viwili. Maji hayakupita, lakini jasho pia halikupita, na harufu ilikuwa ya kumfukuza mbwa. Kwa karibu miaka 150 mambo yalibaki hivyo: ama unalowa na mvua, ama unalowa na jasho. Mwaka 1969 huko Marekani, Bob Gore alivuta kwa ghafla kipande cha plastiki iitwayo PTFE, ndugu wa ile inayopakwa kwenye kikaango kisichogandisha, akaona imetanuka na kujaa vitundu vidogo sana. Tone la maji ni kubwa mno kupita kwenye vitundu hivyo. Mvuke wa jasho, ambao ni molekuli moja moja zilizotawanyika, unapita. Ukibandika utando huo ndani ya kitambaa umepata Gore-Tex. Leo kuna makampuni mengi yenye utando wa aina yao, mara nyingi wa poliuretani, na wazo ni lile lile.

Hapo ndipo wauzaji wanaanza kutudanganya kidogo, na ndipo sisi watu wa Goma tunapaswa kuelewa kuliko mtu wa Ulaya. Mvuke haupiti kwa sababu suruali ni ya bei ghali. Unapita kwa sababu ndani kuna joto na unyevu mwingi kuliko nje. Tofauti hiyo ndiyo inayousukuma. Sasa fikiria uko kwenye msitu wa chini wa Nyiragongo, hewa ina unyevu umejaa, kuna joto, na wewe unapanda na mzigo. Ndani na nje karibu ni sawa. Utando mzuri kuliko yote duniani hautakusaidia, utaoga jasho. Ukifika juu, nje kuna digrii 6, ndani kuna joto la mwili wako: sasa tofauti ni kubwa, na suruali inaanza kufanya kazi iliyoandikwa kwenye karatasi yake. Kwa maneno mengine, ina thamani ndogo Kibati na thamani kubwa ukingoni. Watu wengi wanaivaa Kibati, wanalowa jasho, wanaitukana, wanaivua, wanafika juu wamelowa mvua.

Nifanyeje basi? Kwa uzoefu wangu: chini, kwenye mvua ya joto na ukiwa unapanda kwa nguvu, tembea na suruali nyepesi ya nailoni au poliesta inayokauka haraka, hata ikilowa kidogo. Jinzi iache nyumbani. Pamba inakunywa maji na kuyashikilia, jinzi iliyolowa inaweza kuzidi mara mbili ya uzito wake, na usiku mzima haitakauka. Ukifika mahali ambapo miti inaanza kuwa mifupi na upepo unakugusa, simama, vaa suruali ya mvua kabla hujaanza kusikia baridi. Ukisubiri hadi vidole vigande hutaweza hata kufunga ile zipu. Na kila mnapokaa kupumzika zaidi ya dakika 5 huku mvua inanyesha, ivae. Mwili unaopanda ni jiko linalowaka, lakini ukikaa tu hilo jiko linazimika haraka sana.

Kuna namba mbili utakutana nazo kwenye vibandiko. Ya kwanza iko kwa milimita, kwa mfano 10,000. Maana yake ni urefu wa nguzo ya maji ambayo kitambaa kinaweza kubeba kabla hakijaanza kuvuja. Elfu kumi ni nguzo ya mita 10! Utasema mvua gani ina mita 10? Si mvua. Ni makalio na magoti. Ukikaa juu ya jiwe bichi au ukipiga goti kuchukua sampuli ya udongo, uzito wako wote unasukuma maji kwenye eneo dogo. Koti la 5,000 linaweza kukutosha mgongoni, wakati suruali ya 5,000 ikakusaliti kwenye kiti. Namba ya pili ni gramu za mvuke zinazopita kwenye mita mraba kwa saa 24. Hiyo nakushauri uisome kwa jicho moja tu, kwa sababu maabara hazipimi kwa njia moja, na hakuna maabara iliyopima ndani ya msitu wetu.

Najua wengi wenu mnawaza: hizo suruali za gramu 200 ziko wapi Goma? Mpya ni shida kuzipata, na bei yake ni ya kulipia ada ya mwaka. Lakini kwenye chagua zinapita. Tatizo ni kwamba anayeuza na anayenunua wote hawajui walichoshika. Nimewahi kuona mama anauza suruali ya mvua nzuri sana kama pantalo ya michezo, na pembeni yake pantalo ya michezo ya kawaida inauzwa kama ya mvua. "Mutoto wangu, hii haipitishake mayi hata kidogo!" Mama, Mungu akubariki, lakini acha nipulize kwanza.

Ndiyo, kupuliza ni mtihani wa kwanza. Weka kitambaa mdomoni, ukibane vizuri, upulize kwa nguvu. Hewa ikipita kirahisi hadi upande wa pili, hiyo haina utando wala rangi ya kuzuia maji. Ikikataa, endelea. Mtihani wa pili: igeuze ndani nje uangalie mishono. Suruali ya mvua ya kweli ina utepe mwembamba uliobandikwa juu ya kila mshono, kwa sababu sindano inapopita inaacha matundu. Bila utepe, maji yataingia kupitia matundu ya uzi hata kitambaa kiwe kizuri namna gani. Angalia zaidi pale mishono minne inapokutana katikati ya miguu. Kama suruali itavuja, itaanzia hapo.

Mtihani wa tatu ni wa vidole na pua, nao ndio unaowaangusha wengi. Rangi ya poliuretani iliyopakwa ndani huzeeka, hasa nguo ikikaa miaka imekunjwa mahali penye unyevu na joto. Na chagua imefika kwetu ndani ya marobota yaliyofungwa kwa nguvu, imevuka bahari ndani ya kontena. Ikizeeka inanata vidoleni, inatoa harufu kama ya matapishi ya mtoto, au inabanduka vipande vyeupe kama ngozi iliyoungua jua. Ukiona mojawapo ya hayo, rudisha. Hakuna fundi, hakuna dawa, imekufa. Usikubali kuambiwa "utafua itatoka". Ni kweli itatoka, yote.

Mtihani wa nne, kama muuzaji ni mpole: mwaga maji kidogo kwenye goti, ukunje kitambaa kiwe kama kikombe, usubiri dakika mbili tatu. Maji yakisimama kama shanga juu ya kitambaa, una bahati. Yakitanda na kufanya kitambaa cheusi lakini upande wa ndani ukabaki mkavu, usiiache! Watu wengi wanadhani hiyo imeharibika. Hapana. Kilichokwisha ni dawa ya nje tu, ile inayofanya maji yateleze. Utando wa ndani bado mzima. Na dawa hiyo mara nyingi inaamka tena: osha suruali kwa mkono, kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo isiyo na manukato ya kulainisha nguo, suuza hadi povu liishe kabisa, anika kivulini ikauke, kisha ipige pasi ya joto dogo ukiwa umeweka kitambaa cha pamba katikati. Ila nawaomba, siyo kwa pasi ya makala. Pasi ya makala haina joto dogo. Ina joto, na ina majuto. Kama umeme haupo subiri utakaporudi, au azima mahali penye jua la sahani.

Nitasema jambo moja kuhusu hiyo dawa ya nje. Kwa miaka mingi ilitengenezwa kwa kemikali za jamii ya PFAS, ambazo hazioozi, zinabaki kwenye maji na kwenye damu za watu. Ufaransa ilipitisha sheria mwezi wa 2 wa 2025 ya kuzikataza kwenye nguo za kawaida kuanzia 2026, na makampuni mengi yalikwisha kuanza kuzikimbia. Maoni yangu, na hapa nasema kama mtu aliyesoma mazingira, ni kwamba nguo za zamani zilizokataliwa huko zitazidi kuteremka huku kwetu. Kuvaa suruali hiyo hakutakuua. Lakini usiichome moto ikichakaa, na usiifulie ziwani.

Bei sitaandika. Birere bei inaangalia uso wako na viatu vyako.

Na kama huipati kabisa? Hapa kuna mjadala na wenzangu, kila mtu na imani yake. Wengine wanasema beba ile ya wamotari, ya plastiki nzito. Ile haipitishi maji, hilo nakubali, na motari anayekaa juu ya pikipiki toka Katindo hadi Kituku hatoi jasho la kupanda mlima, kwa hiyo kwake inafaa kabisa. Kwa kutembea ni sauna. Lakini mimi naibeba kuliko kukosa: siivai wakati wa kupanda, naivaa nikifika kambini, juu ya suruali kavu niliyoificha ndani ya mfuko. Uzito wake unaudhi, ndiyo.

Wengine wanashona. Fundi yeyote mzuri wa cherehani anaweza kukushonea sketi ya mvua kwa kitambaa cha nailoni kisichopitisha maji: kipande kimoja kinachozunguka kiuno hadi chini ya magoti, na kamba. Watembeaji wa masafa marefu huko Marekani wanazitumia sana, wanawake kwa wanaume, na wanajisifu kwamba ni nyepesi na hewa inapita kwa chini. Vijana wetu watacheka, eti mwanaume na sketi. Mimi naona ni kitenge tu ambacho hakilowi, na mama zetu wamepanda milima ya Masisi na mizigo kwa kitenge tangu zamani. Ubaya wake uko kwenye upepo wa ukingoni, na kwenye vichaka vya upupu vinavyotafuta goti lako. Kuna pia miguu miwili isiyo na kiti, kama soksi ndefu za nailoni zinazofungwa kwenye mkanda. Koti likiwa refu, zinatosha. Mishono ya vitu hivi vya kushona ipake silikoni ya madirisha kwa ndani, nyembamba, uache ikauke usiku mzima. Jaribu kipande kidogo kwanza, kwa sababu silikoni haishiki kila kitambaa.

Kuna mtu ataniuliza: ndugu, mlima wenyewe siku hizi nani anaupanda? Swali la haki. Tangu volkano ilipopasuka tarehe 22 mwezi wa 5 wa 2021 na lava ikateremka hadi Buhene, na kwa haya yote tuliyoyapitia baadaye, kupanda Nyiragongo kwa matembezi si jambo la mtu kuamka asubuhi na kuamua. Lakini ninyi mnajua kazi tunazopata tukimaliza shule. Mchunguza takwimu wa shirika fulani huko Masisi. Muuguzi wa kampeni ya chanjo Rutshuru, kutoka kijiji hadi kijiji kwa miguu kwa sababu gari limekwama na moto imekataa. Mwalimu anayeteremka kutoka kilimani kila Jumatatu. Mtu wa udongo anayefuata maporomoko baada ya mvua kubwa. Hao wote ni watembeaji wa milima, hata kama hakuna anayewaita hivyo, na mkataba wao mara nyingi unataja fulana yenye nembo na kofia. Suruali ya mvua sijaiona kwenye mkataba hata mmoja. Unaposaini, uliza. Mkuu wa mradi akicheka, mwambie ile 36 ya miguu.

Na kuna wanaoihitaji kuliko sisi sote. Miaka ile watu waliokimbia vita walipojaa Kanyaruchinya, chini ya mlima huo huo, nilikuwa napita pale na sakado yangu yenye suruali ya mvua ndani, na kuona watoto wamejifunika kipande cha shitingi kuanzia mabegani. Wale hawakuhitaji kuelezwa maana ya milimita 10,000.

Yule mwenzetu wa jinzi anaendelea vizuri. Ana mke, ana mtoto, anafanya kazi ya maji upande wa Sake, na ana suruali mbili za mvua, moja ya kuvaa na moja ya kuazimisha. Yangu mimi nimeipata kwenye chagua mwaka 2022, rangi ya majani makavu, gramu 240 kwa mizani ya muuza nyanya. Goti la kushoto lilichanika kwenye lava, nikaliweka kiraka cha nailoni na gundi, bado linashika. Naiweka ikining'inia nyuma ya mlango, bila kukunjwa, ili rangi ya ndani isioze. Mvua ya leo asubuhi ilianza saa kumi na mbili kasoro, nikaivaa kwenda kuchota maji.